Kumkwamua mtoto asiyejua kusoma: hesabu ya shilingi na dakika kutoka Darasa langu la Pili

Daftari langu la matumizi lina jalada la bluu lililowahi kumwagikiwa uji. Ndani yake nimeandika kila shilingi iliyotumika kuwafundisha kusoma watoto 20 wa Darasa la Pili, katika shule moja ya kijijini wilayani Magu, mkoa wa Mwanza. Karibu wote walikuwa hawajui hata herufi. Nimelifungua tena kwa sababu walimu watatu wameniuliza swali lilelile ndani ya mwezi mmoja: "Madamu, inagharimu kiasi gani?" Nikianza kujibu naona muulizaji anataka jibu la dukani, manila bei gani, maka peni bei gani. Hayo nitayasema. Ila ukilisoma daftari utaona vifaa havikufika hata theluthi ya fedha. Fedha nyingi zilikwenda kwa mtu mzima wa kukaa na mtoto, na uji wa kumfanya mtoto abaki. Halafu kuna hasara isiyo na risiti, ya mtoto ambaye leo hakuja.

Bei nitakazotaja ni za Magu mjini na Kisesa kwa wakati nilionunua. Kwako ongeza au punguza.

Pima kabla hujanunua kitu

Darasa lilikuwa na watoto 112. Usiogope namba hiyo. Kwa kupima unahitaji karatasi moja yenye sehemu nne: herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi, na aya ya sentensi nne. Wazo la kupima kwa ngazi sikulibuni mimi. Uwezo, mradi wa kupima usomaji wa watoto, walipita na ngazi za namna hii nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, na asili yake ni shirika la Pratham la India, lililoamua kuwapanga watoto kwa kile wanachoweza kusoma badala ya darasa waliloandikishwa. Karatasi yangu niliiandika kwa mkono, kwa hiyo gharama ni sifuri.

Mtoto mmoja anachukua kama dakika nne. Zidisha kwa 112 unapata dakika 448, saa saba na nusu hivi. Nilipima watoto 14 kwa siku kwa siku nane, pembeni ya darasa, wenzao wakiandika. Tengeneza karatasi mbili tofauti, maana wa mbele wakisoma kwa sauti, wa kumi anafika mezani kwako aya ameshaikariri. Kukariri ndio mtego mkubwa wa Darasa la Pili. Kabula (majina yote nimebadili) alinisomea ukurasa mzima wa kitabu cha kiada macho yakiwa dirishani. Nilipoifunika picha akanyamaza. Nikamwonyesha neno "kuku" peke yake, hakulijua.

Matokeo yalikuwa hivi: watoto 39 walisoma aya, 34 waliishia kwenye maneno, 21 kwenye silabi, na 18 hawakujua herufi. Andika majina, si namba tu. Namba utampelekea mwalimu mkuu. Majina ndiyo utakayoyafanyia kazi.

Kabla ya kusema mtoto ni mzito, mpime macho na masikio. Simama nyuma yake umnong'oneze "mbuzi", kisha "mbuni", umwambie arudie. Masikio yanapimika hivyo. Kwa macho, andika herufi ubaoni umsogeze nyuma dawati moja moja. Kati ya wale 18 mmoja alikuwa na usaha sikioni, na mwingine, Masanja, ubao kwake ulikuwa ukuta mweusi tu. Mmoja alihitaji dawa, mwingine miwani. Miwani ilimgharimu baba yake shilingi 45,000, na kama utakavyoona hizo zingenunua vifaa vya watoto tisa. Sikuziingiza kwenye hesabu yangu kwa sababu alizitoa yeye. Wewe tenga akiba ya jambo kama hili, maana mtoto asiyeona ukimfundisha silabi mwaka mzima unamwagia maji mgongo wa bata.

Chukua wachache

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimechukua watoto 41, wote waliokuwa chini ya maneno. Huruma iliniponza. Wiki ya kwanza walikuja wote, wiki ya pili nikawa napiga kelele, wiki ya tatu darasa lilikufa lenyewe na hakuna aliyeuliza limekwenda wapi. Nilikuwa nimetumia pia shilingi 38,000 za mfukoni kwa chati za rangi kutoka Mwanza mjini, zile zenye tufaa kwenye A na maneno ya Kiingereza chini yake. Watoto walizipenda sana. Hazikuwafundisha kitu, kwa sababu tufaa kwetu halianzi na A.

Basi safari ya pili nilichukua 20: wale 18 wasiojua herufi, na wawili wa silabi ambao wazazi wao walikuwa wamehamia na ng'ombe wao katikati ya mwaka, wakakosa miezi mitatu ya masomo. Wale 19 wa silabi waliobaki sikuwaacha hivihivi. Kila mmoja nilimpa rafiki wa kusoma kutoka kwenye wale 39, wakakaa dawati moja, na kila asubuhi dakika kumi za mwanzo zikawa zao. Hilo halikugharimu chochote, na wengi wao lilitosha.

Kwa nini 20? Kuna mpango maarufu uliobuniwa New Zealand na Marie Clay, unaitwa Reading Recovery. Mwalimu aliyepewa mafunzo maalumu anakaa na mtoto mmoja, nusu saa kila siku, kwa wiki 12 hadi 20. Nusu saa mara watoto 20 ni saa kumi kwa siku. Serikali tajiri zenyewe hulalamikia bei yake. Sisi tutafute njia ya katikati: mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, wa ngazi moja, muda mfupi, kila siku. Kwa hiyo nilihitaji watu wazima wawili, mimi na mwingine. Wakizidi watoto kumi kwa mtu mmoja, husikii tena nani anasoma na nani anafuatisha midomo ya mwenzake.

Vifaa: shilingi 95,600

Nunua salfeti tupu nne za mbolea au sukari, 500 kila moja. Zioshe, zikate ubavuni, upate chati ambazo mvua haiziharibu na panya haziwashughulishi. Maka peni nne, 4,000. Manila kumi, 7,000, za kukatia kadi za silabi. Vizibo vya soda utavipata bure kwenye kibanda chochote cha vinywaji. Vigonge viwe bapa, visikate vidole, uandike herufi ndani. Nilikuwa na vizibo kama 300, na a nyingi kuliko herufi nyingine yoyote. Ukitengeneza herufi zote kwa idadi sawa utaishiwa a siku ya kwanza. Kiswahili kinakula a.

Kitu ghali kuliko vyote, na ambacho sijutii, ni vibao. Hadibodi moja ya futi nane kwa nne nilinunua 20,000. Ukiikata vipande vya inchi 16 kwa 12 unapata 24 kamili, hakuna kinachobaki. Fundi alichukua 5,000, na rangi nyeusi ya ubao 7,000. Jumla 32,000. Faida ya kibao ni kwamba mtoto akikosea anafuta kwa kiganja na kosa limekufa. Kwenye daftari kosa linabaki, mtoto analiona kesho na keshokutwa, anaanza kuogopa kuandika.

Chaki boksi tatu, 6,000. Madaftari 20, shilingi 10,000. Penseli dazani mbili, 3,600, na vichongeo vitano, 1,000. Kopi za hadithi fupi kurasa 15 kwa watoto 20, kwa 100 kila ukurasa, 30,000. Hapo kwenye kopi nilipoteza fedha. Kishikwambi tulichopewa walimu baada ya sensa ya 2022 kinafungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, na aya fupi zimejaa humo. Ningeziandika kwa mkono juu ya salfeti watoto kumi wakasoma pamoja, nisingehitaji zaidi ya kurasa tano za kupeleka nyumbani. Nilijifunza nikiwa nimeshalipa.

Gawa 95,600 kwa 20 unapata 4,780 kwa mtoto.

Uji na msaidizi: hapa ndipo fedha ilipokwenda

Darasa la Pili kwetu hutoka saa 6:00 mchana. Mtoto wa miaka minane aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula, ukimwambia abaki hadi saa 7:00 asome silabi, atakutazama tu. Mwaka uliotangulia, wiki ya kwanza, nilianza bila uji. Wanne walilala juu ya madawati. Siku ya tano nikapika.

Kwa watoto 20, nusu kilo ya unga na robo ya sukari, pamoja na kuni na sabuni ya kuoshea vikombe, viligharimu 2,000 kwa siku. Mama Kabula alijitolea kupika. Nilipomtajia malipo aliniangalia kama niliyemtukana, akasema, "Mwalimu, mwanangu yumo humo." Vikombe walikuja navyo kutoka nyumbani.

Msaidizi nilimpata kijijini: binti aliyemaliza Kidato cha Nne akawa anasubiri, bila kujua anasubiri nini. Nilimpa posho ya 3,000 kwa siku aliyofika. Nasisitiza hilo la siku aliyofika, kwa sababu mwaka uliotangulia nilikuwa na kijana niliyemlipa kwa mwezi, akawa anaugua kila siku ya mnada. Msaidizi hahitaji cheti cha ualimu. Anahitaji kusoma vizuri, kutokuwa na hasira, na kukubali kufundishwa na wewe. Nilimfundisha kwa siku tatu, alasiri, tukiigiza: mimi mtoto, yeye mwalimu. Nilikuwa mtoto mkorofi.

Tulipanga wiki 12, siku nne kwa wiki, yaani siku 48. Tano zilipotea kwa mvua, msiba na mtihani wa majaribio wa Darasa la Saba uliohitaji chumba chetu. Zikabaki 43. Uji ukala 86,000 na posho 129,000. Ongeza vifaa: jumla 310,600, sawa na 15,530 kwa mtoto.

Na mimi je? Nilikaa dakika 50 kwa siku, siku 43, karibu saa 36, bila senti. Walimu wengi hapa huandika sifuri, halafu mwalimu mkuu anapeleka taarifa kwamba mradi ni wa bei rahisi, na mwaka unaofuata mwalimu amechoka na mradi umekufa. Mimi naandika muda wangu kwa bei ya msaidizi: 129,000 nyingine. Jumla halisi ni 439,600, au 21,980 kwa mtoto. Hata kama hakuna atakayekulipa, iandike.

Dakika 50 zenyewe

Dakika kumi za kwanza wanakunywa uji huku wakicheza na vizibo. Usiwape kazi ngumu hapo. Waambie tu watafute herufi ya jana.

Dakika 15 zinazofuata ni za sauti na silabi, na hapa ndipo watoto wengi walipokwamishwa tangu Darasa la Kwanza. Walifundishwa majina ya herufi. Mtoto aliyeambiwa kuwa m inaitwa "em", ukimwambia aunganishe na a, atakupa "ema", na ana haki. Fundisha mlio: midomo imefungwa, mmm, kisha aaa, halafu vikaribiane hadi vigongane. Nilianza na irabu tano kwa siku mbili, kisha m, k, b, t, l, n, moja kila siku mbili. Kwa irabu na m peke yake mtoto anasoma mama, mimi, mume, umeme. Siku Kabula aliposoma "mama" kwa kusogeza vizibo mwenyewe, alivirudisha akavisogeza tena mara nne, kama asiyeamini kwamba neno lile litakuwepo kila mara.

Herufi zinazopanda pamoja, kama mb, nd, ng', ny, mw, kw, ziache hadi wiki ya sita. Huku kwetu Usukumani kuna shida nyingine: nyumbani wanasema Kisukuma, ambacho hakitofautishi r na l kama Kiswahili kinavyotofautisha. Mtoto ataandika "kurara" na kusoma "kalatasi". Usimcheke wala usimchape. Niliwapa kizibo cha l rangi ya kijani na cha r rangi nyekundu, wakawa wanaonyesha rangi kabla ya kusema. Kwa "thelathini" na "dhahabu" nilivumilia "selasini" na "zahabu" mpaka mwisho. Lengo letu lilikuwa wasome, lafudhi itakuja baadaye, na isipokuja watu wataelewana tu.

Dakika 15 nyingine ni za kusoma kitu chenye maana. Mtoto asipoona faida ya silabi mapema atazichukia. Hadithi zilizofaulu kuliko zote walizitunga wenyewe. Mmoja anasema, mimi naandika kwenye salfeti, wote wanasoma: "Kuku wa bibi amekula mtama. Bibi amekasirika. Kuku hana habari." Sentensi hiyo ya mwisho ilisomwa kwa kelele wiki nzima, na kila aliyekuja alitaka hadithi yake iandikwe. Kopi zangu za 30,000 hazikufurahisha hata nusu ya hapo.

Dakika kumi za mwisho ni imla kwenye vibao: silabi tatu, maneno mawili. Wanyanyue vibao juu kwa pamoja. Kwa kuangalia mara moja unajua kesho nani arudie na nani asonge. Kila Alhamisi ya pili wapime upya kwa karatasi ya ngazi zilezile nne, uwahamishe kundi. Mtoto aliyefika aya mtoe, arudi kwa wenzake. Kumweka zaidi ni kula uji wa mwingine.

Mtoto asiyekuja

Uji na posho ni 5,000 kwa siku. Wakija 20, kila mtoto ni 250. Siku moja ya Mei walikuja 11, na kila mmoja akawa ameingia 450 na ushee. Msaidizi yupo, sufuria ipo jikoni, watoto wako shambani wakiamia ndege.

Nilikuwa nimeanza katikati ya Machi, kosa langu mwenyewe. Mpunga ulipoanza kutoa mbegu, watoto walianza kupungua. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Baba mmoja, mtu mzima wa umri wa baba yangu, alinipokea vizuri, akanipa kigoda, tukasalimiana hadi ng'ombe. Nilipofika kwenye shida yangu akasema, "Mwalimu, mpunga ukiliwa na kwelea kwelea, tutakula herufi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakukuwa na uongo katika swali lake. Tukakaa tukaongea habari za ndege. Akaniambia mwenyewe kwamba hushambulia asubuhi na jioni, na jua likiwa kali hupumzika mitini. Nikamwambia, "Basi baba, nipe mtoto wakati ndege wamepumzika." Akacheka. Mtoto akawa anakuja saa 6:10 akitokea shambani, miguu ina tope, anakunywa uji, anasoma, saa 7:00 anarudi.

Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe, muulize mtu wa kijiji kalenda ya mashamba, siku ya mnada, na mwezi ambao wafugaji huhama. Mwaka uliofuata nilipima Januari shule zilipofunguliwa, nikaanza mwishoni mwa mwezi huohuo, na ndege walipofika nilikuwa nimebakiza wiki mbili tu.

Chora jedwali la mahudhurio kwenye salfeti ulitundike mlangoni. Mtoto akikosa siku mbili mfululizo, siku ya tatu mtu aende kwao. Mara nyingi nilimtuma Mama Kabula. Mwalimu akienda nyumbani kwa mtu anaonekana amekuja kushtaki. Mama mwenzake akienda anaonekana amekuja kusalimia.

Fedha zitoke wapi

Tangu Januari 2016 shule za serikali Tanzania, kuanzia awali hadi Kidato cha Nne, hazina ada, na michango ya lazima imekatazwa. Ruzuku ya serikali wakati ule ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 zilikuwa za vitabu na hazikupita shuleni, na 6,000 zilikuja kwenye akaunti ya shule kidogokidogo. Linganisha na 15,530 zangu. Mtoto mmoja aliyeachwa nyuma alihitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya kile ambacho shule ilikuwa inapokea kwa ajili yake mwaka mzima. Usimlaumu mwalimu mkuu akikuna kichwa. Muombe vitu, usimuombe fedha: chaki, penseli, vichongeo, daftari, maka peni. Hivyo tayari viko kwenye matumizi yake halali, na vyangu vya 24,600 vilitoka huko.

Zilizobaki zilitoka sehemu tatu. Mwenye mashine ya kusaga alitoa unga wote. Alikuwa na mjukuu kwenye wale 20, ingawa sikulijua hilo nilipomuomba. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kililipa posho ya msaidizi kutoka kwenye mfuko wao wa jamii, baada ya mimi kuwasomea majina ya ngazi nne bila kumtaja mtoto wa mtu. Hadibodi na vitu vingine vidogo nililipa mimi. Kiongozi mmoja aliahidi mbele ya mkutano wa kijiji kununua madaftari ya watoto wote. Makofi yalipigwa. Nasubiri bado.

Fedha za wazazi usizishike mkononi hata kama wanakupa kwa moyo. Zipitie kamati ya shule, ziandikwe, mwenyekiti asaini. Mwalimu mwenye noti za wazazi mfukoni hana maelezo yatakayoeleweka.

Kuna watakaokushauri utoze tuisheni, 200 kwa siku, mambo yaende. Nimeona inavyokwenda. Wanaolipa ni wale ambao tayari wanasoma maneno na wanataka kuongoza. Kabula asingekuwepo, wala wale wa wafugaji. Utakuwa umefungua darasa la kuwakimbiza walio mbele.

Ukipiga hesabu upya

Usigawe kwa walioandikishwa peke yake, gawa pia kwa waliovuka. Mwisho wa siku 43, kati ya 20, watoto 11 walisoma aya, Kabula na Masanja wakiwemo. Watano walifika kwenye maneno, watatu waliishia kwenye silabi, na mmoja familia ilihama wiki ya nane. Ukigawa 310,600 kwa 11, mtoto mmoja aliyefika aya aligharimu 28,236. Namba hiyo haipendezi kwenye taarifa, na ndiyo niliyompa mwalimu mkuu. Alinyamaza kidogo akaniuliza, "Na asipofundishwa?" Nikamkumbusha wale wa Darasa la Nne ambao upimaji wa Baraza la Mitihani uliwarudisha wakakaa mwaka mwingine kwenye madawati yaleyale. Ni mwaka mzima wa ruzuku, wa nafasi darasani na wa aibu, na bado wengi wao silabi zilikuwa haziungani, kwa sababu Darasa la Nne hakuna anayefundisha silabi. Akasaini.

Mwaka unaofuata vifaa vinashuka sana. Vibao vipo, salfeti zipo, vizibo vimepungua kidogo kwa sababu watoto wanavipenda mifukoni. Nilinunua chaki 6,000, madaftari 10,000, penseli 3,600, maka peni mbili 2,000 na kopi 30 kwa 3,000, jumla 24,600. Uji na posho havishuki. Kwa hiyo mtu akikwambia amepata njia ya kufanya kazi hii kwa bei ya chaki, muulize nani anakaa na watoto na wamekula nini.

Wale watatu wa silabi niliwatazama kwenye jedwali la mlangoni. Walikuwa wamehudhuria siku 16, 19 na 22. Sikuwa na jambo la kuwaeleza wazazi wao zaidi ya namba hizo. Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, mwalimu wa Darasa la Tatu alikuja na orodha yake akaniuliza hao watatu awaweke wapi. Nikamwambia awaweke mbele, upande wa mlango, na ikifika saa 6:10 aniachie.